Kizuri hakikujiuza: HTC ilivyozidiwa ikiwa na simu bora mkononi

Swali: Nilianza na simu za HTC zamani, na ile ya mwili wa alumini ya mwaka 2013 niliikalia miaka minne. Mpaka leo sijashika simu iliyonitulia mkononi kama ile. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona hawa walikuwa na kizuri na bado wakazidiwa na wapinzani wao mpaka wakapotea? Na kampuni ya simu ikishaanza kusuasua, huwa inarudi, au nikiona dalili nihame mapema?

Jibu: Ndugu msomaji, methali hiyo ndiyo iliyowaponza, na sisemi kwa utani. Kuanzia mwaka 2009 kauli mbiu ya HTC ilikuwa na maana ya kung'aa kimyakimya, na waliifuata kama dini: tengeneza simu nzuri, nyamaza, wateja watakuja wenyewe. Kwa fundi mmoja anayemuuzia jirani yake, sawa. Lakini simu janja nzuri inaweza kushindwa kabla haijafika dukani, tena ikashindwa mahali ambapo mnunuzi haoni kabisa, yaani kwenye foleni ya vipuri.

Niieleze kwanza foleni hiyo, maana jibu langu karibu lote limesimama juu yake. Kampuni nyingi za simu hazitengenezi kila kilichomo ndani ya simu zao. Zinabuni, kisha zinanunua kioo kwa huyu, kihisi cha kamera kwa yule, prosesa kwa wa tatu, memori kwa wa nne, halafu zinaunganisha. Viwanda vinavyoweza kutoa kioo cha daraja la juu au kihisi kipya cha kamera kwa mamilioni ni vichache mno duniani, kwa hiyo kila msimu watu hupanga mstari. Anayeagiza vipande milioni hamsini huhudumiwa kwanza, kwa bei ya chini, na akikohoa tu meneja wa kiwanda anapanda ndege kumfuata. Anayeagiza milioni mbili huambiwa asubiri. Simu mbili zinaweza kulingana kwa kila kitu kwenye karatasi, lakini moja ikafika dukani Machi na nyingine Mei. Kwenye biashara hii miezi miwili ni mingi sana.

HTC ilianzishwa Taiwan mwaka 1997 na Cher Wang, H. T. Cho na Peter Chou. Miaka ya mwanzo huenda uliwahi kushika kazi yao bila kujua, kwa sababu walikuwa wakiwatengenezea wengine: iPAQ, kompyuta ya kiganjani ya Compaq, ilitoka mikononi mwao, na baadhi ya simu za Treo za Palm pia. Mgongoni jina la mwingine, ndani jasho lao. Shule hiyo iliwapa ufundi ambao wengi hawakuwa nao, ila haikuwafundisha jinsi ya kumfanya mtu asiyekujua akutake.

Oktoba 2008 wakatoa T-Mobile G1, simu ya kwanza ya Android kuuzwa duniani, ile yenye kibodi inayoteleza kutoka chini ya kioo. Januari 2010 wakatengeneza Nexus One kwa ajili ya Google. Aprili 2011 thamani ya kampuni kwenye soko la hisa ikafika takriban dola bilioni 33 za Marekani na kuipita Nokia, ambayo miaka michache nyuma iliuza karibu simu nne katika kila kumi duniani. Robo ya tatu ya mwaka huohuo, kwa hesabu za Canalys, kampuni ya utafiti wa soko, HTC ndiyo iliyoongoza soko la simu janja la Marekani, ikishika karibu robo yake. Siku zile ungesema kampuni hii itazama, ungechekwa.

Lakini ugonjwa ulishaingia mwaka mmoja kabla. Simu zao kubwa za mwaka 2010, Nexus One na Desire, zilitumia vioo vya AMOLED, vile vinavyojimulika vyenyewe bila taa ya nyuma, vilivyotoka Samsung. Vioo hivyo vikawa adimu, na katikati ya mwaka huo Samsung nayo ikatoa Galaxy S ya kwanza iliyotegemea teknolojia hiyohiyo. Nani alihudumiwa kwanza, huhitaji kuambiwa. Julai 2010 HTC ikatangaza kwamba baadhi ya simu zake zinahamia kwenye vioo vya LCD kutoka Sony, Desire ikiwa mojawapo. Watu wawili walioinunua miezi tofauti, jina moja na boksi moja, wakajikuta na vioo viwili visivyofanana. Miaka michache baadaye kiongozi mmoja wa HTC alikiri hadharani kwamba kipuri kinaweza kugeuzwa silaha ya ushindani. Alikuwa anazungumzia kidonda chake mwenyewe.

Pigo la pili lilitoka kwa wateja. Marekani ndiyo iliyokuwa shamba lao kuu, na wakati ule mtu wa kule hakulipa bei kamili ya simu. Alifunga mkataba wa miaka miwili na kampuni ya mtandao, nayo ikambebea sehemu ya gharama. Mteja halisi wa HTC, kwa hiyo, walikuwa AT&T, Verizon, Sprint na T-Mobile, na kila mmoja alitaka simu isiyofanana na ya mwenzake. HTC, iliyolelewa kwenye kazi ya kuwatengenezea wengine, ikaitikia. Mwaka 2012 AT&T ikapata One X. T-Mobile ikapata One S. Sprint ikapata Evo 4G LTE yenye mguu mwekundu wa kuisimamisha mezani, na Verizon ikapata Droid Incredible 4G LTE. Majina manne, maumbo manne, kava za aina nne, na vipuri vinavyoagizwa kwa mafungu manne madogo badala ya fungu moja kubwa.

Samsung walikuwa wamelifanya kosa hilohilo mwaka 2010, Galaxy S ilipozunguka Marekani ikiwa na majina kibao. Tofauti yao ni kwamba walijifunza. Galaxy S III ya mwaka 2012 iliingia mitandao yote mikubwa ya Marekani ikiwa na jina moja na sura moja. Tangazo moja la televisheni liliwauzia wote, na kava moja ilimfaa kila mtu, hivyo hata wauza kava wakawa wapiga debe wa Samsung bila kulipwa.

Hapo katikati, Mei 2012, shehena za One X na Evo zikazuiwa forodhani Marekani. Apple ilikuwa imewashtaki tangu Machi 2010, na Desemba 2011 Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani ikaamua kwamba HTC imekiuka hataza moja, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, inayohusu mambo kama kugusa namba ya simu iliyoandikwa ndani ya ujumbe na kupiga papo hapo. HTC ilisema imeshabadilisha programu yake, lakini forodha ilitaka kukagua yenyewe. Mzigo ukakaa wakati S III inavaa viatu. Wawili hao walipatana Novemba mwaka huohuo kwa leseni ya miaka 10, soko likiwa limeshahama.

Sasa nije kwenye simu yako, HTC One ya mwaka 2013, ambayo watu wa kazi tunaiita M7.

Ilitangazwa tarehe 19 Februari 2013. Kampuni ilisema mwili wake hukatwa kwenye alumini kwa dakika 200. Zipige hesabu dakika hizo. Siku ina dakika 1,440, kwa hiyo mashine isiyolala hutoa miili saba kwa siku, kama 216 kwa mwezi. Ukitaka miili milioni moja kwa mwezi unahitaji mashine zaidi ya 4,600 zinazokata usiku na mchana. Simu ilikutulia mkononi kwa sababu hiyo: ule mgongo uliopinda kidogo, kingo zilizochongwa zikameta, plastiki nyembamba iliyoingia kwenye chuma bila kuacha ufa wa kushika ukucha. Mpinzani wake, Galaxy S4, alikuwa na mfuniko wa plastiki unaobanduka kwa ukucha. Wachambuzi waliucheka mfuniko huo, nami ni mmoja wao. Tulichosahau ni kwamba plastiki inafyatuliwa kwenye kalibu kwa muda mfupi mno, na kwamba mwenye mfuniko unaobanduka anaweza kubadili betri mwenyewe na kuongeza kadi ya memori.

Kamera ndipo penye somo kubwa zaidi. HTC waliamua kuachana na mbio za megapikseli. Wakaweka kihisi cha megapikseli 4 tu, lakini kila pikseli ikiwa na upana wa maikromita 2, wakati simu nyingine za kiwango chake zilikuwa na pikseli za maikromita 1.1 hivi. Hoja yao ilikuwa sahihi kisayansi: ndoo yenye mdomo mpana hukinga mvua nyingi, na pikseli pana hukinga mwanga mwingi gizani. Lakini dukani kulikuwa na kadi mbili ndogo mbele ya simu mbili, moja imeandikwa 4, nyingine 13. Muuzaji alipaswa kutoa somo la fizikia kabla mteja hajageuza shingo. Wengi hawakutoa. Na kama nuksi, baadhi ya simu hizo zilianza kupiga picha zenye wekundu wa zambarau kwenye mwanga hafifu, mahali palepale zilipoahidi kushinda.

Kisha foleni ikaja kudai chake. Kamera ile ilikuwa ya pekee, yenye kifaa cha kutuliza mtikisiko, na vipuri vyake havikuwa vitu vya kuokota sokoni. Magazeti ya biashara ya mwezi Machi 2013 yaliripoti kwamba HTC inahangaika kupata vipuri vya kamera kwa sababu wauzaji hawakuwa wakiihesabu tena kuwa mteja wa daraja la kwanza. Mauzo ya mwaka uliotangulia yalikuwa yameporomoka, na makadirio ya oda yakawa yanabadilishwa mara kwa mara. Jiweke kwenye nafasi ya mwenye kiwanda. Mteja alikuambia anataka mzigo mkubwa, akarudi akasema nusu, na leo amekuja anataka mkubwa tena. Pembeni yake amesimama mwingine ambaye oda zake zinajulikana. Utamhudumia nani?

Simu iliyotangazwa Februari na kuahidiwa katikati ya Machi ikawafikia wengi mwishoni mwa Machi na Aprili. Marekani iliingia rasmi tarehe 19 Aprili. S4 ilianza kuuzwa kwenye wiki ya mwisho ya mwezi huohuo. Ile nafasi ya kukimbia peke yake ikabaki kama wiki moja. Verizon, mtandao mkubwa kuliko yote kule, haikuipata mpaka Agosti. S4 ilivuka milioni 10 kabla haijatimiza mwezi mmoja sokoni.

Na sasa tazama kichekesho chenyewe. Robo ya tatu ya mwaka 2013 HTC ilitangaza hasara yake ya kwanza tangu iingie soko la hisa, takriban dola bilioni 3 za Taiwan. Februari 2014, kwenye maonyesho ya Barcelona, M7 ikapewa tuzo ya simu janja bora.

Huenda unajiuliza kwa nini wasingevumilia tu mwaka mmoja, wakarudi na simu nyingine nzuri. Tatizo ni jinsi gharama zinavyogawanywa. Chukua mfano wa kufikirika: kubuni simu moja, kuandika programu yake na kuifanyia majaribio kunagharimu dola milioni 100. Ukiuza simu milioni 20, kila moja inabeba dola 5 za gharama hiyo. Ukiuza milioni 2, kila moja inabeba dola 50. Mwenye milioni 20 anaweza kukupiga bei dola 45 na bado mko sawa, kabla hujagusa punguzo analopata kwenye vipuri na matangazo yanayogawanywa kwa simu nyingi zaidi. Wewe ukipandisha bei unauza chache zaidi, na ukishusha unaongeza hasara. Ukipunguza gharama, pa kukata karibu na wewe ni matangazo na wahandisi, na simu ya mwakani inatoka ikiwa na dalili za kukatwa huko. Ndiyo maana nasema kampuni ya simu haianguki kama mti. Inazunguka ikishuka, kama maji kwenye shimo la karo.

Walijaribu vitu, nisiwaonee. Mwaka 2013, baada ya miaka ya kung'aa kimyakimya, wakamchukua Robert Downey Jr. kwa kampeni kubwa iliyochezea herufi tatu za jina lao kwa maana za kuchekesha. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka, kisha nikajiuliza simu inafanya nini, sikuambiwa. Mwaka huohuo wakatoa HTC First, simu iliyojengwa kuizunguka Facebook; AT&T ilianza kuiuza kwa dola 99 pamoja na mkataba, na kabla mwezi haujaisha ikashushwa mpaka senti 99. Kuna na habari ya Beats: Agosti 2011 walinunua asilimia 51 ya kampuni hiyo ya vipokea sauti kwa takriban dola milioni 300, wakaanza kuziuza hisa hizo mwaka uliofuata, na mwaka 2013 wakatoka kabisa. Kwa hesabu walipata faida kidogo. Mwaka 2014 Apple ikaichukua Beats kwa dola bilioni 3. Sidhani kama Beats ingewaokoa, ila ni mfano mzuri wa kampuni inayouza vyombo vya nyumba kulipa bili ya mwezi.

Machi 2015 Peter Chou aliacha kiti cha ukurugenzi mkuu na Cher Wang akakikalia mwenyewe. Agosti mwaka huo kulitokea jambo ambalo huwa nawaonyesha wanafunzi wangu: thamani ya hisa zote za HTC sokoni ilishuka chini ya fedha taslimu zilizokuwa benki kwake. Maana yake wawekezaji walikuwa wanasema viwanda, hataza, wahandisi na jina, vyote kwa pamoja, ni bure au pungufu ya bure. Mapato ya mwaka 2011 yalizidi dola bilioni 460 za Taiwan. Ya mwaka 2018 hayakufika bilioni 24.

Kufikia hapo walikuwa wamesharudi walikotoka. Simu za Pixel za mwaka 2016 zilitengenezwa na HTC, lakini mgongoni ziliandikwa jina la Google. Septemba 2017 Google ikakubali kulipa dola bilioni 1.1 kuwachukua kama wahandisi 2,000, wengi wao wakiwa walewale wa Pixel, na mpango ukakamilika Januari 2018. Kwa hiyo ule mkono ulioikata simu yako haukufa. Umehamia nyumba nyingine.

Sasa nisikudanganye kwamba foleni ya vipuri inaeleza kila kifo. Nokia walikuwa mabingwa wa foleni. Hakuna aliyenunua vipuri vingi kuliko wao. Kilichowamaliza ni programu. Symbian, mfumo ulioendesha simu zao, haikuweza kushindana na iPhone na Android, na Februari 2011 mkurugenzi mkuu wao, Stephen Elop, akaamua kuhamia Windows Phone, mfumo ambao waandishi wa programu hawakuufuata. Septemba 2013 wakakubali kuiuzia Microsoft biashara ya simu kwa zaidi ya euro bilioni 5, na mwaka 2015 Microsoft ikafuta dola bilioni 7.6 vitabuni mwake kwa sababu ya ununuzi huo. BlackBerry ni ndugu wa Nokia katika hili, pamoja na kiburi cha kibodi. Huawei ni habari nyingine kabisa: mwaka 2019 ilibanwa na vikwazo vya Marekani, haikuzidiwa ubavu sokoni, na ilipopata njia ilirudi na Mate 60 Pro mwaka 2023. Usizichanganye hizo na HTC.

Inayonisumbua zaidi ni LG, kwa sababu inaonekana kuipinga hoja yangu. LG ilikuwa na kampuni dada zinazotengeneza vioo, kamera na betri. Foleni ilikuwa nyumbani kwao! Na bado, Aprili 2021, ikatangaza kufunga biashara ya simu baada ya robo mwaka 23 mfululizo za hasara, jumla takriban dola bilioni 4.5 za Marekani. Nimelifikiria sana hili. LG Innotek, dada yao wa kamera, ni muuzaji mkubwa wa kamera za iPhone. Kiwanda hakiangalii undugu, kinaangalia oda. Samsung walifaidika na vioo vyao wenyewe kwa sababu simu zao ziliuzwa kwa wingi kiasi cha kukijaza kiwanda, na kiwanda kikazipa simu nguvu. LG ilikuwa na kiwanda bila wingi. Ikaishia kutafuta wingi kwa vituko: G5 ya mwaka 2016 inayochomolewa kitako, Wing ya mwaka 2020 inayozungusha kioo. Vituko vinaandikwa magazetini, lakini havijazi oda.

Je, huwa wanarudi? Mara chache, na mfano ninaouheshimu ni Xiaomi. Mwaka 2016 ilikuwa inateleza vibaya, imetoka kwenye orodha ya watano wa juu duniani, na waandishi wengi tulikuwa tumeshaanza kuandika rambirambi. Mei mwaka huo Lei Jun, mwanzilishi wake, alichukua mwenyewe usimamizi wa utengenezaji wa simu na wa ugavi wa vipuri. Hakuanza na tangazo wala na mwigizaji. Alikwenda kusimama kwenye foleni. Robo ya pili ya mwaka 2017 wakatoa simu zaidi ya milioni 23, rekodi yao kwa wakati ule, na Julai 2018 wakaingia soko la hisa la Hong Kong.

Ukiniuliza tofauti ya Xiaomi na HTC, nitasema ni wakati. Xiaomi walishtuka wakiwa bado wanauza makumi ya milioni kwa mwaka, kwa hiyo wauzaji wa vipuri walikuwa na sababu ya kuwasikiliza. HTC walikuwa na nafasi kama hiyo mwishoni mwa mwaka 2011 na wakaitumia kutoa aina nyingi zaidi za simu. Ukishashuka chini ya kiwango fulani cha wingi, hakuna simu nzuri itakayokupandisha, kwa sababu huwezi kuitengeneza kwa idadi ya kutosha hata watu wakiitaka. Aliyefika huko ana njia moja ya heshima: aache kupigana kwenye uwanja mkuu, ashike kipande kidogo anachokiweza. HTC yenyewe ilihamishia nguvu kwenye miwani ya uhalisia pepe ya Vive kuanzia mwaka 2016.

Kuhusu wewe na fedha zako. Usihame kwa sababu umesoma kwamba kampuni imepata hasara. Kampuni zenye hasara huuza simu nzuri kwa bei ya kutupa, na kama unapanga kukaa na simu miaka miwili, inaweza kuwa biashara nzuri kwako. Ninachoangalia mimi ni vitu vingine. Simu yao kubwa ya mwaka juzi imepata toleo jipya la Android, au imeachwa? Ahadi za masasisho zilizopo kwenye tangazo la simu mpya hazina uzito kama hazikutimizwa kwenye ya zamani. Kisha naangalia idadi ya simu wanazotoa. Wakianza kutoa aina kumi zenye majina yanayochanganya, wanavua bila kujua samaki yuko wapi. Bei ikiporomoka ndani ya mwezi wa kwanza, dukani hazitoki. Na ukisikia mkuu wa kitengo cha kamera au cha programu ameondoka, hiyo ina uzito kuliko kuondoka kwa mkurugenzi mkuu, maana wakurugenzi hubadilishwa hata kwenye kampuni zenye afya.

Muulize na fundi wako kama vioo vya simu hiyo anavipata. Foleni ileile niliyoieleza inaendelea mpaka kwenye meza yake: simu iliyouzwa kwa mamilioni ina kioo cha kubadilisha kila mahali, iliyouzwa kidogo utasubiri kipuri kiagizwe, na gharama inaweza kukaribia thamani ya simu. Halafu usitishwe wala usifarijiwe na jina. Simu za BlackBerry zilizouzwa kati ya mwaka 2017 na 2020 nyingi zilikuwa kazi ya TCL, kampuni ya China, chini ya leseni, na simu za Nokia zilizotoka baada ya mwaka 2016 zilikuwa za HMD, kampuni nyingine iliyopewa jina hilo kwa leseni. Jina linaweza kuishi muda mrefu baada ya mwenyewe kuondoka, kwa hiyo tafuta nani anayetengeneza na nani atakayesasisha.

M7 yako, kama bado iko kwenye droo na inawaka, usiifungue mwenyewe. iFixit, tovuti inayofungua vifaa na kupima vinavyotengenezeka, waliipa alama 1 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengenezeka, kwa sababu ule mwili usio na ufa hauachi njia ya kuingilia bila kuuharibu. Iliishia kwenye Android 5.0, basi usiweke humo programu za benki. Lakini ina spika mbili zinazotazama mbele, na simu nyingi za leo zinapigia sauti kwenye kiganja. Iweke kando ya kitanda, ichomeke kwenye chaji ukiwa macho tu maana betri imezeeka, uifanye redio.